Samuel Kleinschmidt na Lugha ya Nchi ya Theluji

Nilipokuwa chuoni, maalimu akituandikia alifu na be juu ya ubao, sikujua kuwa herufi nazo zina ugomvi. Nilipoingia shule ya serikali ndipo nilipoona wazee wetu, walioandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Ndiyo sababu maisha ya Samuel Kleinschmidt yananigusa, japo aliishi mbali nasi, huko Greenland.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1814 Lichtenau, kusini mwa nchi hiyo. Baba yake alikuwa Mjerumani na mama yake Mdenmaki, nao walikuwa wamisheni wa Moravian. Utoto wake aliupitisha kati ya Wainuit, na alipotimiza miaka tisa akapelekwa Ulaya kusoma. Alirejea akiwa mtu mzima, akakaa huko mpaka kufa kwake. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini huyu hakuwa mgeni kamili.

Mwaka 1851 sarufi yake ilichapishwa Berlin, mwaka mmoja tu baada ya Krapf wa Rabai kuchapisha sarufi yake ya Kiswahili. Waliomtangulia waliivika lugha ya Wainuit kanzu ya Kilatini, nayo haikuikaa. Kleinschmidt aliifuata lugha yenyewe: mzizi hutangulia, kisha viambishi hufuatana nyuma yake, hata neno moja likabeba habari nzima. Sisi tusemao nimekuandikia, kwa neno moja, hatuwezi kustaajabu sana.

Mwaka 1859 aliwaacha Wamoravian, akajiunga na misheni ya Kidenmaki na kufundisha katika chuo cha walimu cha Godthåb, mji uitwao leo Nuuk. Alikuwa na mtambo wake mdogo wa kupigia chapa, akawatolea wanafunzi vitabu kwa lugha yao, kikiwamo cha jiografia. Kamusi yake ilitoka mwaka 1871. Husimuliwa kuwa katika giza la majira ya baridi alikwenda kazini na taa, akaitundika njiani kulipokucha, na jioni akaichukua arudi nayo. Alifariki mwaka 1886.

Tahajia yake ilitumika shuleni na kanisani kwa zaidi ya miaka mia. Lakini baada ya 1953, Greenland ilipofanywa sehemu ya Denmaki, serikali ilikitilia nguvu Kidenmaki na kuleta walimu kutoka huko. Isitoshe, matamshi ya watu yalikuwa yamekwisha kuachana na maandishi. Mwaka 1973 tahajia ikabadilishwa: alama alizoziweka juu ya irabu zikaondolewa, na irabu ndefu ikaandikwa mara mbili. Watoto walipata nafuu, ila vitabu vya babu zao vikawa vigeni machoni mwao.

Utawala wa ndani wa mwaka 1979 uliifanya Kalaallisut kuwa lugha kuu, na sheria ya mwaka 2009 ikaifanya lugha rasmi pekee. Sheria hiyo ilikuta sarufi, kamusi na wasomaji tayari. Pasipo hayo, ingalitawala karatasi tu.

Nami nina sanduku la marehemu babu, limejaa barua ambazo wanangu hawawezi kuzisoma. Serikali haitanifungulia sanduku hilo. Jioni hizi nimeanza kuwafundisha, kwa alifu na be.