Bi. Anna Cooper: Mwalimu aliyekataa kuwafungia watoto mlango

Leo nataka kuwasimulia maisha ya bibi mmoja wa Marekani, mwalimu kama mimi, ingawa mimi sifai hata kumbebea chaki. Lakini kwanza niungame jambo.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa nikisomesha katika shule moja ya sekondari hapa Pwani. Alasiri moja alinijia kijana wa kidato cha nne, mtoto wa mvuvi, akaniuliza achukue masomo gani ili siku moja afike chuo kikuu. Nikavitazama viatu vyake vilivyokwisha visigino, nikamwambia asijisumbue, bora atafute kibarua bandarini amsaidie babake. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona nimemhurumia mtoto wa watu. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Bibi Anna Julia Cooper, ndipo nilipofahamu kwamba ile haikuwa huruma. Nilimfungia mlango.

Bi. Anna alizaliwa tarehe 10 Agosti 1858 mjini Raleigh, katika jimbo la North Carolina. Mamake, Hannah Stanley Haywood, alikuwa mtumwa, na babake, kama inavyoaminika, alikuwa mzungu wa ukoo ule ule uliommiliki mama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka sita tu. Mwaka 1868 akaingia shule ya Saint Augustine's, iliyofunguliwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Huko akakuta darasa la Kigiriki limewekewa wanaume waliosomea upadri. Binti akadai naye aingie, akashikilia mpaka akaruhusiwa. Mwaka 1877 akaolewa na George Cooper, aliyekuwa akisomesha Kigiriki hapo hapo. Lakini ndoa haikudumu. Mume alifariki mwaka 1879, na Bi. Anna akabaki mjane angali kijana.

Mjane huyo hakukaa akalia na bahati yake. Mwaka 1881 alikwenda chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio. Wanawake wa chuo hicho walikuwa na masomo yao mepesi waliyowekewa. Yeye akachagua yale ya wanaume. Akapata shahada ya kwanza mwaka 1884, na ya pili, ya hisabati, mwaka 1887. Mwaka huo huo akaitwa mjini Washington kusomesha katika shule ya sekondari ya vijana weusi, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la barabara yake, M Street. Mwaka 1892 akatoa kitabu chake, A Voice from the South, na mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano wa watu weusi wa dunia uliofanywa London. Mwaka 1902 akawa mwalimu mkuu wa M Street.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Zama hizo vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vilitaka kila anayeomba nafasi awe amefuzu Kilatini, hisabati, na mara nyingi Kigiriki pia. Mtoto ambaye hakusomeshwa mambo hayo, hata awe na akili za namna gani, hakuwa na njia ya kuingia. Kwa hivyo aliyetaka kuwazuia watoto weusi wasifike chuo kikuu hakuwa na haja ya kuweka askari mlangoni pa chuo. Ilitosha kuyaondoa masomo hayo katika ratiba ya shule yao.

Na waliotaka hivyo walikuwa wengi. Wazungu kadha wa kadha waliona kwamba mtoto mweusi yamtosha useremala, kushona na kupika. Hata baina ya watu weusi wenyewe, Booker T. Washington, kiongozi aliyesikizwa sana wakati huo, alihimiza kazi za mikono zitangulie. Bi. Anna hakuudharau ufundi, kwani fundi ni mtu wa heshima popote alipo. Alilolikataa ni mtu mwingine kumchagulia mtoto hatima yake kwa kuitazama rangi ya ngozi.

Basi akafanya kazi. Alikuwa na walimu hodari mno, kwa sababu wasomi weusi wenye shahada za vyuo vikubwa walikuwa wakinyimwa kazi kwingineko, wakakusanyika shuleni pale. Ubaguzi ulikusudia kuwadhili, kumbe umewakusanyia watoto hazina. Akakaza masomo, akawatayarisha wanafunzi kwa ile mitihani yenyewe, akawatafutia nafasi. Vijana wa M Street wakapokewa Harvard, Yale, Brown na Oberlin, na baadhi yao wakalipiwa karo. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watumwa.

Lakini mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Msimamizi mzungu wa shule za sekondari alitaka masomo ya M Street yapunguzwe. Bi. Anna akakataa. Mwaka 1905 yakaanza mashtaka: kwamba hafuati vitabu vilivyoamriwa, kwamba hana nidhamu shuleni, kwamba anawaonea huruma mno wanafunzi wasioweza. Fitina nazo zikaingia, watu wakamzulia maneno juu ya mwalimu mwenzake aliyekuwa akipanga nyumbani kwake. Mwaka 1906 hakurudishwa kazini.

Nalisoma hilo shtaka la huruma, nami huona haya. Huruma yangu ilimwambia kijana arudi nyuma. Huruma yake ilimweka mtoto dhaifu darasani mpaka aelewe, naye akaponzwa nayo.

Akaenda Missouri, akasomesha miaka minne. Mwaka 1910 akarudi shule ile ile aliyoondolewa, safari hii si mkuu, bali mwalimu wa kawaida wa Kilatini. Hebu fikiri, msomaji, ni wangapi kati yetu wangaliweza kuingia lango lile tena! Yeye aliingia, kwa sababu watoto walikuwa bado wamo ndani.

Mwaka 1911 alimaliza hapo kijana aitwaye Charles Hamilton Houston, akaenda chuo cha Amherst, akawa mwanasheria na mwalimu wa wanasheria. Mmoja wa wanafunzi wake ni Thurgood Marshall, aliyeshinda mwaka 1954 ile kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za Marekani. Marshall huyo huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa viongozi wetu wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, akasaidia kuandika haki za raia wa Kenya. Mlango ukifunguliwa Washington, upepo wake hufika hata kwetu.

Bi. Anna mwenyewe hakuacha kusoma. Mwaka 1915 alichukua watoto watano, wajukuu wa ndugu yake, akawalea, huku akisomea shahada ya udaktari. Aliipata mwaka 1925 katika chuo kikuu cha Paris, akiwa na umri wa miaka 66, kwa utafiti juu ya msimamo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa mapinduzi yake. Kisha akaongoza chuo cha Frelinghuysen kilichosomesha watu wazima wenye kazi zao, na chuo kilipokosa mahali, akakiweka nyumbani kwake. Alifariki tarehe 27 Februari 1964, ametimiza miaka 105.

Kijana wangu yule sasa ni mtu mzima. Tukikutana sokoni huniamkia kwa heshima ile ile, na heshima hiyo hunichoma. Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi, mtoto akija kuuliza njia ya chuo kikuu, msimtazame viatu. Mwambieni ni masomo gani yanayotakiwa, tena mapema, kisha kaeni naye ayasome. Kama ni kukataliwa, basi na umkatae mtihani. Sisi tusimkatae kabla hajaufanya.