Robert Bosch: Fundi aliyejifunza kutotegemea bidhaa moja

Jina la Bosch limeandikwa kwenye drili, grenda, plagi na pampu za dizeli. Wanunuzi wengi hudhani ni jina la mashine tu. Kumbe ni jina la mtu, mtoto wa mkulima, aliyeanza biashara akiwa na wasaidizi wawili.

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 12. Baba yake alikuwa na shamba na nyumba ya wageni. Baada ya kujifunza ufundi alikwenda kutafuta ujuzi ugenini. Mwaka 1884 alikuwa Marekani akifanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison, kisha akaenda Uingereza kufanya kazi Siemens.

Novemba 15, 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart kwa mtaji wa marka 10,000, sehemu ya urithi wa baba yake. Alikuwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walifunga simu na kengele za umeme, na hawakuchagua kazi. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu na ilimbidi kukopa. Hata hivyo, mwaka 1890 alinunua baiskeli ili awafikie wateja na kukagua kazi za mafundi wake haraka.

Mlango ulifunguliwa na mteja mmoja. Mwaka 1887 Bosch alitengeneza magneto, kifaa cha kuwasha injini kwa cheche bila betri, kwa ajili ya injini zisizohamishwa. Miaka 10 baadaye kifaa hicho kilirekebishwa kifae kwa vyombo vya moto vya barabarani. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya umeme mkali pamoja na plagi yake. Oda zikamiminika. Mwaka 1906 Bosch aliwapunguzia wafanyakazi siku ya kazi iwe ya saa nane.

Lakini biashara hiyo ilisimama kwenye mguu mmoja. Kufikia mwaka 1914, karibu asilimia 90 ya mauzo yalikuwa nje ya Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, masoko mengi yalifungwa, na baadaye mali zake Marekani zikataifishwa. Kabla hajapona vizuri, viwanda vya magari vya Ujerumani viliyumba katikati ya miaka ya 1920. Magari yasipouzwa, nani atanunua vifaa vyake? Wafanyakazi wengi walipunguzwa.

Hapo ndipo kampuni ilipoamua kutafuta bidhaa nyingine. Mwaka 1927 ilianza kuuza pampu za dizeli. Mwaka 1928 ilitoa Forfex, mashine ya kunyolea nywele yenye mota ndani ya mpini. Kinyozi hakuhitaji tena mota iliyowekwa pembeni. Wazo hilo la mota mkononi likafungua njia ya zana nyingine za umeme, na mwaka 1932 ikaja nyundo ya umeme ya kutoboa na kuvunja zege. Mwaka 1933 ikafuata friji.

Maisha yake hayakukosa doa. Wakati wa utawala wa Hitler kampuni ilitengeneza vifaa vya jeshi na kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi, ingawa Bosch mwenyewe aliupinga utawala huo na kusaidia Wayahudi waliokuwa wakiteswa. Alifariki Machi 12, 1942.

Aliacha wosia kwamba faida isaidie jamii. Leo taasisi ya hisani yenye jina lake inamiliki karibu asilimia 94 ya kampuni.

Mkulima anayepanda zao moja na mfanyabiashara mwenye mteja mmoja wajiulize mapema: soko hilo likifungwa kesho, tutauza nini? Bosch alilazimika kujiuliza hivyo akiwa tayari amepata hasara.