Thomas Kanza, mjumbe wa Lumumba aliyeketi Nairobi huku ndege zikisubiri Kamina

Ukitaja mazungumzo ya Nairobi mjini Goma, wengi huwaza mwaka 2022, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipomkabidhi Uhuru Kenyatta kazi ya kutafuta amani ya mashariki mwa Kongo. Mwezi Novemba mwaka huo Uhuru alifika hapa Goma na kuwaona watu waliokimbia vijiji vyao. Wachache wanakumbuka kwamba miaka 58 kabla ya hapo, mwezi huohuo wa Novemba, baba yake Jomo Kenyatta alikuwa na kazi kama hiyo, na mbele yake aliketi Mkongo wa miaka 31, Thomas Kanza.

Kanza alizaliwa mwaka 1933 Boende, katika Jimbo la Equateur. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha ABAKO, na baadaye alikosana na Joseph Kasavubu. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kalamu na siasa. Kaka na ndugu walijihusisha na gazeti Congo, moja ya magazeti ya kwanza kuwa mikononi mwa Wakongo wenyewe. Dada yake Sophie mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini.

Mwaka 1956 Thomas alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Alikuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada katika chuo kikuu cha Ubelgiji. Jambo hilo lina uzito wake: nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, na nchi inakaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi nzima. Kijana aliyekuwa amefanya kazi Brussels, katika ofisi za Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, alikuwa mali adimu.

Patrice Lumumba alimchukua katika serikali yake akiwa na miaka 26, akampa cheo cha waziri mjumbe katika Umoja wa Mataifa. Asubuhi ya siku ya uhuru, Lumumba alimwonyesha hotuba aliyopanga kuitoa mbele ya Mfalme Baudouin. Kanza alijaribu kulainisha maneno makali yaliyokuwamo. Hakufanikiwa sana, kama dunia ilivyosikia saa chache baadaye.

Siku tano tu zilipita kabla ya askari wa Force Publique kuasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na tarehe 14 Baraza la Usalama likapitisha azimio la kupeleka majeshi Kongo. Sisi tuliozoea magari meupe ya MONUSCO barabarani tusisahau kwamba kofia za buluu zilifika nchini kwa mara ya kwanza katika wiki hizo. Kanza alikwenda New York kuitetea serikali ambayo haikuwa imemaliza hata mwezi, na wanadiplomasia wenzake pale walikuwa na umri wa kuweza kumzaa.

Kisha serikali yenyewe ikavunjika. Septemba 5 Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba, naye Lumumba akatangaza kumfukuza Kasavubu. Septemba 14 Kanali Mobutu akawasimamisha wote wawili. Swali likahamia New York: nani anakalia kiti cha Kongo? Kanza alisema ni ujumbe wa Lumumba. Kasavubu alisafiri mwenyewe kwenda kukidai, akiungwa mkono na Marekani. Tarehe 22 Novemba Baraza Kuu lilipiga kura: nchi 53 zikamkubali Kasavubu, 24 zikapinga, 19 hazikupiga upande wowote.

Kwa maoni yangu, kura hiyo hutajwa kidogo mno katika historia yetu. Lumumba wakati huo alikuwa amezingirwa nyumbani kwake Leopoldville, Kinshasa ya leo: askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda kwa ndani, wa Mobutu wakimvizia kwa nje. Baada ya kura, siku tano baadaye, alitoroka nyumba hiyo akielekea Stanleyville. Alikamatwa njiani, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Kanza alikuwa ameshindwa mezani, na mtu aliyekuwa akimwakilisha hakupata tena nafasi ya kusikilizwa.

Mwaka 1962 serikali ya Cyrille Adoula, iliyoundwa ili kuwapatanisha wanasiasa, ilimtuma London kuongoza ubalozi wa Kongo. Huko hakudumu.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliwaka. Uvira ilianguka mwezi Mei, Bukavu ikashambuliwa mwezi Agosti bila kutekwa, na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ikaingia mikononi mwa waasi mwezi huohuo. Septemba 5 Christophe Gbenye alitangaza huko Jamhuri ya Watu wa Kongo, na Kanza akawa waziri wake wa mambo ya nje. Waziri mkuu mjini Leopoldville sasa alikuwa Moise Tshombe, yuleyule aliyeitenga Katanga, akipigana kwa msaada wa mamluki wa kizungu. Kwa mfuasi wa Lumumba, kumkataa mtu huyo hakukuhitaji maelezo marefu.

Lakini Simba walikuwa wakiwashikilia mateka raia wa kigeni zaidi ya elfu moja, na redio ya Stanleyville ilitoa vitisho vya kuwaua. Kanza alikuwa sauti ya serikali iliyofanya hivyo. Hakuwa amemkamata mtu, ila pia hakuwa na uwezo wa kumwamrisha kamanda hata mmoja afungue mlango.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda tume ya kutafuta suluhu, ikiongozwa na Mzee Kenyatta, ambaye bado alikuwa waziri mkuu wa Kenya. Tarehe 23 Novemba, mbele yake, Kanza alikutana na balozi wa Marekani, William Attwood. Attwood alitaka mateka waachiwe bila masharti. Kanza alitaka kwanza jeshi la Tshombe lisimame, maana mateka ndio kitu pekee ambacho upande wake ulikuwa nacho. Waliachana bila makubaliano. Tangu siku iliyotangulia, ndege za Kimarekani zenye askari wa miamvuli wa Ubelgiji zilikuwa zimeshatua Kamina, Katanga, zikisubiri amri.

Alfajiri ya tarehe 24 zilifika Stanleyville. Simba waliwafyatulia risasi mateka waliokusanywa barabarani, wakaua makumi yao kabla Wabelgiji hawajafika. Wengi waliokolewa. Wakongo waliokufa katika vita hivyo, kwa mikono ya pande zote, walikuwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa popote. Kenyatta alikasirika, na ana haki: alikuwa amealikwa kupatanisha watu ambao mmoja wao alishachukua silaha mkononi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile 24 Novemba, Mobutu alitwaa madaraka yote. Kanza alibaki uhamishoni kwa miaka mingi, akifundisha katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani. Mwaka 1972 alichapisha kwa Kiingereza kitabu chake kuhusu kupanda na kuanguka kwa Lumumba, ambacho wanahistoria bado wanakitumia, kwa kuwa mwandishi alikuwamo ndani ya vyumba anavyovieleza.

Ilibidi Mobutu aondoke. Waasi wa AFDL waliingia Goma mwanzoni mwa Novemba 1996, na Mei 1997 walikuwa Kinshasa. Kiongozi wao, Mzee Laurent-Désiré Kabila, alikuwa mmoja wa viongozi wa uasi wa 1964 katika upande wa mashariki. Alimpa Kanza, sasa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, wizara ya ushirikiano wa kimataifa, na baadaye alitumwa Sweden kuwa balozi. Alifariki mwaka 2004, wakati serikali ya mpito iliyozaliwa na mazungumzo ya Sun City ilikuwa imefikisha mwaka wa pili.