Mathias E. Mnyampala (1917–1969): Mwanahistoria wa Ugogo na Mshairi wa Taifa

Mathias E. Mnyampala alizaliwa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, mwaka 1917, nchi ya Ugogo ilipokuwa ikiingia katika njaa kuu iitwayo Mtunya. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, maelfu ya watu walikufa. Mnyampala alisomeshwa na misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha karani, na hatimaye hakimu.

Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Humo koo za Wagogo zinaelezwa kuwa na asili mbalimbali, zikiwamo Uhehe na Unyamwezi. Jamii hiyo basi haikuunganishwa na chimbuko moja, bali na maisha ya nchi kame, mifugo, na utemi. Mtemi wa jadi alikuwa kwanza mwenye dhamana ya mvua na ardhi; utawala wa Kiingereza ulimfanya pia mtoza kodi. Uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, kumbukumbu za utemi wa Ugogo zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa kitabuni.

Yafaa kuzingatiwa kwamba Mnyampala aliandika habari hizo kwa Kiswahili, wala si kwa Kigogo, lugha ya mama yake. Uteuzi huo ulikuwa na gharama, kwani dhana za Kigogo hazikupata daima visawe. Hata hivyo, uliwawezesha Watanganyika wengine kuisoma historia ya Ugogo kama sehemu ya historia yao.

Katika ushairi alizingatia vina na mizani kama washairi wa pwani. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963. Aidha, akiwa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, aliendeleza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoghaniwa mbele ya hadhira, kwa ajili ya kueneza siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake.

Wapo wahakiki walioziona ngonjera hizo kuwa propaganda tupu. Lawama hiyo ina msingi kwa upande wa maudhui. Lakini kwa upande wa fani, ngonjera ziliutoa ushairi mikononi mwa mafundi wachache, zikaufikisha kwa wanafunzi wa shule za msingi nchini kote. Mgogo wa Ihumwa alikuwa amewaachia Waswahili utanzu.