James Clerk Maxwell na Uzi wa Kuchorea

Fundi seremala wa Mbuji, katika Wilaya ya Mbinga, akitaka kukata meza ya duara hana haja ya kukisia. Hupigilia msumari katikati ya ubao, hufunga uzi kwenye msumari huo, na kwenye ncha ya pili ya uzi hufunga penseli. Kisha huizungusha penseli, uzi ukiwa umekazwa. Duara hutokea sawasawa, kwa kuwa kila sehemu ya mstari ina umbali ule ule kutoka kwenye msumari. Je, angefanyaje kama angetaka umbo la yai? Mtoto mmoja wa Uskoti alilipatia swali hilo jibu zuri.

James Clerk Maxwell alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 13 Juni, 1831. Alilelewa katika shamba la baba yake, mahali paitwapo Glenlair. Tangu utotoni alipenda kuuliza jinsi kila kitu kinavyofanya kazi, kama vile kufuli, kengele, na maji ya kijito. Mwaka 1839, alipokuwa na umri wa miaka 8, mama yake alifariki.

Mwaka 1841 alipelekwa shuleni Edinburgh. Wanafunzi wenzake walimcheka kwa sababu ya matamshi yake ya shamba, na kwa sababu ya nguo na viatu vyake vilivyobuniwa na baba yake. Walimpa hata jina la dhihaka, wakimwona mpumbavu. James alivumilia, akaendelea na masomo yake.

Watu walikwisha kujua kuchora duaradufu kwa kutumia pini mbili na uzi. James alijiuliza lingetokea umbo gani iwapo uzi ungezungushwa mara mbili upande wa pini moja, na mara moja tu upande wa pini nyingine. Alijaribu, akapata umbo la yai, lenye upande mmoja mpana na upande mwingine mwembamba. Alijaribu tena kwa kuzungusha uzi mara nyingi zaidi, akaandika kanuni za maumbo aliyoyapata.

Baba yake alimpelekea kazi hiyo Profesa James Forbes wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Forbes aliona kuwa Descartes, mtaalamu wa hesabu wa Ufaransa, alikwisha kuyachunguza maumbo ya namna hiyo zaidi ya miaka 200 kabla. Hata hivyo, njia ya mtoto huyu ilikuwa rahisi zaidi. Mwezi Aprili, 1846, kazi hiyo ilisomwa mbele ya wataalamu wa Royal Society of Edinburgh. James alikuwa na umri wa miaka 14. Alionekana mdogo mno kusimama mbele ya wazee wale, kwa hiyo Forbes alimsomea.

Alipokuwa mtu mzima, Maxwell alionyesha kwa hesabu kuwa pete za sayari ya Zohali haziwezi kuwa kitu kimoja kigumu, bali ni vipande vingi vidogo vidogo. Mwaka 1865 alichapisha kazi iliyoeleza kuwa mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Alifariki tarehe 5 Novemba, 1879, akiwa na umri wa miaka 48. Miaka michache baadaye, Heinrich Hertz wa Ujerumani alithibitisha kwa majaribio kuwa mawimbi ya namna hiyo yapo. Mawimbi hayo ndiyo yanayotuletea matangazo ya redio.

JARIBIO

Vifaa: kipande cha ubao laini, karatasi, pini mbili, uzi, penseli na rula.

1. Tandika karatasi juu ya ubao. Chomeka pini mbili, moja iwe sentimita 6 kutoka kwa nyingine.
2. Funga ncha moja ya uzi kwenye kila pini. Uzi ulio kati ya pini hizo uwe na urefu wa sentimita 10. Ukaze uzi kwa ncha ya penseli, kisha chora pande zote mbili. Umepata duaradufu. Pima: urefu wake uwe sentimita 10, na upana wake sentimita 8.
3. Chukua karatasi nyingine, uchomeke pini kama mwanzo. Funga ncha moja ya uzi kwenye penseli, karibu na ncha yake. Upitishe uzi nyuma ya pini ya pili, uurudishe uzunguke penseli, kisha uufunge kwenye pini ya kwanza. Uzi wote, kutoka penseli hadi pini ya kwanza, uwe na urefu wa sentimita 14. Chora polepole, uzi usilegee.

MASWALI

1. Je, upande mwembamba wa yai uko karibu na pini ipi?
2. Ukisogeza pini za duaradufu mpaka zikutane mahali pamoja, utapata umbo gani? Eleza kwa nini.
3. Uzi ukilegea wakati wa kuchora, mstari unaharibika. Kwa nini?
4. Kwa kutumia mambo mawili na kamba, pima kitalu cha maua chenye umbo la duaradufu mbele ya darasa lenu.