Joseph Whitworth, jamaa aliyezitia bolti adabu

Ukiingia duka la spea Barabara ya Kirinyaga, unataja saizi ya bolti na unapewa. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Kule Uingereza kila karakana ilikata nyuzi zake, kwa hivyo bolti ikipotea, nati iliyobaki ni takataka tu.

Joseph Whitworth, mzaliwa wa Stockport mwaka 1803, aliichoka hali hiyo. Alinoa ujuzi kwa Henry Maudslay jijini London, kisha 1833 akafungua karakana yake Manchester. Alikusanya bolti za karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja, nyuzi zenye pembe ya digrii 55. Kampuni za reli zikakikumbatia. Alianzisha pia ufadhili wa masomo kwa wahandisi chipukizi. Aliaga dunia 1887.

Siku hizi bolti nyingi ni za milimita, digrii 60. Basi usilazimishe nati na spana. Ianze kuingia kwa vidole. Halafu soma kichwa cha bolti: 8.8 ni ngumu kuliko 4.6. Ni hiyo inayoshika gurudumu lako, usiibahatishe.