Kasisi Apolo na Jembe Lake

Katika darasa letu wamo vijana kadhaa wanaotaka kuwa wahubiri watakapomaliza masomo. Mimi si mmoja wao, lakini napenda kuwasikiliza wakibishana jioni, kwa maana mara nyingi hawabishani juu ya mahubiri, bali juu ya motokaa, nyumba ya bati, na nani ataketi kiti cha mbele siku ya sikukuu. Kwa sababu hiyo nimeona vema niandike habari za Apolo Kivebulaya, ambaye jina lake linajulikana sana Uganda na Kongo ya mashariki, ingawa wengi wa rika langu hawajui zaidi ya jina hilo.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana akaitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa mtu mpole. Alipata kumsikia mmisionari Alexander Mackay akifundisha, lakini vita vya dini vilipotokea Buganda alikuwa kwanza upande wa Waislamu, kisha akawaacha akajiunga na Wakristo. Alikuwa askari, akafuata majeshi mpaka Toro. Mwaka 1895 akabatizwa, akapewa jina la Apolo. Kivebulaya ni jina la utani tu, na maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya nguo za Kizungu alizokuwa akivaa. Jambo hili nalitaja kwa makusudi. Mtu huyu hakuchukia nguo nzuri, wala hakuzaliwa mnyenyekevu kama vile wengine wanavyozaliwa warefu.

Baada ya kubatizwa alitumwa Toro kuwa mwalimu, na mwaka 1896 akapelekwa mbele zaidi, mahali paitwapo Mboga. (Wasomaji wa pwani wasicheke, si mboga za majani.) Ili kufika huko kutoka Toro ilimpasa mtu apite milima ya Ruwenzori, ateremke bondeni, avuke mto Semliki, kisha apande tena upande wa pili. Leo mahali hapo pamo katika Kongo, na jina lake huandikwa Boga, lakini siku zile mipaka ilikuwa bado kutengenezwa.

Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Huyu alikuwa amekwisha kuwashinda walimu wawili waliotangulia bila hata kuwapiga. Aliwakataza watu wake wasiwape chakula, basi. Walimu hao walikuwa Waganda, na kwa desturi ya Buganda ya wakati ule kulima chakula ilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume alijenga nyumba, alikwenda vitani, alihudhuria barazani kwa wakubwa. Na kama alijua kusoma, ndiyo kabisa! Njaa ikawashika, wakarudi walikotoka.

Apolo naye alikuwa Mganda, tena askari wa zamani, tena mwalimu. Lakini yeye alikwenda na jembe. Alipofika akafyeka, akalima, akapanda chakula chake mwenyewe, na kila aliyepita njiani alimwona. Ndugu msomaji, usilipite jambo hili upesi. Hapa shuleni kwetu jembe hutolewa kama adhabu: aliyechelewa kengele hupimiwa kipande chake cha shamba, na wenzake humpitia wakimcheka. Hata kijana aliyelipiwa karo kwa mahindi ya mama yake huona haya kukutwa nalo mkononi. Tukiona haya sisi, wanafunzi wa kidato cha juu ambao bado hatujawa kitu, je, yeye aliyetumwa kuwa mwalimu wa watu wageni?

Mimi nadhani hapo ndipo Tabaro aliposhindwa, ingawa mwenyewe hakujua bado. Mtu anayengoja kulishwa, heshima yake imo mikononi mwa anayemlisha. Anayekula jasho lake utamnyima nini?

Tabaro akageukia fimbo. Apolo alipigwa hata akadhaniwa amekufa. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Dada yake Tabaro alianguka kwa bahati mbaya juu ya mkuki wa Apolo, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ni muuaji, akapelekwa kufungwa gerezani huko Toro. Humo gerezani, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo akimtia moyo. Alipofunguliwa angaliweza kuomba kazi mahali pengine, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Alirudi kwa Tabaro yule yule. Watu hufikiri kwamba mnyenyekevu ni mtu laini, anayekubali kila neno. Apolo hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mbishi. Mwisho Tabaro mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mwaka 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 kuwa kasisi. Miaka mingi iliyofuata aliitumia Toro, halafu karibu na mwaka 1915 akarudi Mboga, akakaa huko mpaka mwisho.

Magharibi ya Mboga kuna msitu mkubwa ambamo wanakaa Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji hodari. Wakulima waliowazunguka walinunua nyama kwao, lakini waliwadharau, na wengi hawakuwahesabu kuwa watu wa kufundishwa. Tangu mwaka 1921 Apolo alianza kuwaendea. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka sitini. Wambuti siku zile hawakuwa na mji wa kudumu. Walihama kwa kufuata wanyama, kwa hiyo mwalimu hakuweza kujenga shule akawangoja waje. Ilimpasa Apolo awafuate kambini kwao, akae nao, ajifunze maneno yao. Akaanzisha kazi ya kuigeuza Injili ya Marko katika lugha yao, kazi ambayo hakuna mkubwa yeyote angalimsifu kwayo.

Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Kwa Mwafrika wa siku zile hicho kilikuwa cheo kikubwa mno, na Namirembe ni kilima kizuri, karibu na Kampala, karibu na wakubwa wote. Nadhani baadhi ya wenzangu wa jioni wangalianza kutafuta kiwanja. Apolo alikipokea cheo kwa shukrani, akavuka Semliki akarudi msituni.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye alikuwa ameagiza kwamba chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa haijakwisha. Wakamzika hivyo.